Msimu wa Kumtafutia Mjomba Sura

Jumatatu, 4 Machi

Mwalimu wa insha ametuagiza tuandike shajara kuanzia leo hadi mvua zitakapokatika. Tuchague kitu kimoja tusichokielewa, tukitazame mpaka tukielewe. Mwenzangu wa dawati amemchagua paka wao. Mimi nimemchagua Mjomba.

Mjomba ni mdogo wake Mama, kitinda mimba wao. Analala sebuleni kwetu, na kazi yake ni mieleka ya maonyesho. Mama yumo humo humo, ndiye fundi cherehani wa kikundi. Kila Jumamosi alasiri watu hujaa kwenye ghala la zamani lenye ulingo katikati, wakatazama watu wakirushana. Atakayeshinda hupangwa kabla. Hilo nalijua tangu nikiwa mdogo na sina ruhusa ya kulisema shuleni, kwa hiyo Mwalimu naomba asimwambie mtu. Nisichokielewa ni sura.

Sura ndivyo wanavyomwita yule mtu ambaye mwanamieleka anakuwa akishapanda ulingoni: jina lake, vazi lake, mwendo, hasira. Asiye na sura ni nyama tu, anasema Mama, na nyama hata buchani ipo.

Mjomba ameshapewa sura tatu. Alikuwa Simba, manyoya ya shingoni yakamwingia puani akapiga chafya mbele ya watu mia tatu. Akawa Jini, watoto wa safu ya mbele wakamwonea huruma. Akawa Jenerali, na hakuna anayekumbuka. Sasa Bimkubwa, mwenye kikundi, amemwambia wazi: mvua zikiisha wanakwenda ziara, na kwenye bango wataandikwa wanane tu, wenye sura zilizokubalika. Kama yeye hatakuwa mmoja wao, arudi kwenye kiwanda cha mikate alikotoka, akabebe magunia ya unga.

"Sawa, Bimkubwa," Mjomba alimjibu. Jioni alikula nusu sahani.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua imeanza. Soksi hazikukauka.

Jumamosi, 9 Machi

Leo ilikuwa siku ya vikaratasi. Nimeiona kwa macho yangu kwa mara ya kwanza, maana Mama alinihitaji nimshikie pini.

Sura zote za kikundi hubuniwa na bwana mmoja mwembamba anayeitwa Mtunzi. Zamani aliandika michezo ya redio. Ana penseli nyuma ya kila sikio. Utaratibu wake ni huu: mwanamieleka anavuka ulingo mara tatu, bila vazi la kazi na bila kusema neno. Kila aliyepo, kuanzia wapiga ngoma hadi mkata tiketi, anapewa kikaratasi aandike jibu la swali moja: huyu mtu kazi yake ni nini? Vikaratasi vinakusanywa kwenye kofia, Mtunzi anavisoma kwa sauti.

Ndivyo alivyopatikana Mama Mkwe. Ni dada mkubwa wa mwili ambaye hata mtoto hana, lakini siku yake watu saba kati ya kumi na wawili waliandika "mama mkwe". Sasa anaingia ulingoni taratibu, anakalia kigoda, anamtazama mpinzani toka utosini hadi kwenye kucha za miguu, na wanaume wenye shingo nene wanaanza kukagua vifungo vyao. Radi naye vikaratasi vyake vilisema "mtu anayekimbilia gari". Ni kweli, hawezi kusimama mahali pamoja. Akapewa jina la Radi, anaingia mbio, na yeye ndiye stelingi, yule mwema ambaye watu wanakuja kumshangilia. Wabaya wanaitwa maadui.

Zamu ya Mjomba ikafika. Alitanua kifua, akazungusha shingo, akatembea kama mlango unaotembea. Mtunzi akasoma: "Simba." "Simba mstaafu." "Jenerali?" "Mtu mwenye jipu kwapani."

Ghala zima likacheka. Mtunzi hakucheka.

"Umetembea kwa ajili ya karatasi," alimwambia. "Unajua tunaandika, basi ukatuandikia wewe."

"Sasa nitembeeje?"

"Ukishauliza, basi tena."

Kikaratasi changu kiliandikwa "stelingi". Kilisomwa cha mwisho, na Mjomba akatazama huku na huku kujua nani kakiandika.

Jumatano, 13 Machi

Baada ya shule nilimkuta Mtunzi kwenye chumba cha Mama cha kushonea, ghalani, anasubiri mvua ipungue.

"Shikamoo. Naomba kuuliza, sura inatoka wapi?"

"Marahaba. Umetumwa na polisi?"

"Hapana. Ni ya shule."

Akacheka, akanivutia kiti. Alisema sura haivalishwi mtu. Mtu anayo tayari, ila iko chini, kama redio iliyopunguzwa sauti. Kazi yake ni kutafuta kitufe na kuongeza.

"Na kama redio imezimwa?"

"Hakuna mtu aliyezimwa, binti. Kuna watu wanaozibwa."

Nikamwomba nijaribu kumtungia Mjomba. Mama aliinua macho kutoka kwenye cherehani. Mtunzi akasema nilete tu, ila nikumbuke bati. Sikuelewa bati limeingiaje, na niliona aibu kuuliza.

Jumapili, 17 Machi

Nimeimaliza! Anaitwa Mlinzi wa Alfajiri. Ana joho la bluu ya maji. Anasimama katikati ya ulingo na kusema maneno niliyoyatunga kwa siku nne, ya kuwaahidi wanyonge kwamba usiku haudumu. Mjomba alinisikiliza akiwa amekaa kwenye ukingo wa kochi, mikono kati ya magoti.

"Rudia pale pa wanyonge," alisema. Nikarudia. "Mpwa wangu, miaka kumi na mmoja niko pale. Watu hawajawahi kusimama kwa ajili yangu hata siku moja."

Mama alikuwa anapima kitambaa cha joho. Mama akiwa na pini mdomoni huwezi kujua kama hana neno au hana nafasi.

Jumanne, 19 Machi

Mvua. Mjomba anafanyia mazoezi hotuba bafuni. Inasikika vizuri sana.

Jumamosi, 23 Machi

Sasa najua bati ni nini.

Mjomba alitoka nyuma ya pazia na joho lake, na nilikuwa nimekaa safu ya nne nimekunja vidole. Alifika katikati, akainua mkono, akafungua mdomo, na mvua ikaangukia paa la ghala kama lori linalomwaga kokoto. Hakuna aliyesikia hata silabi. Watu walimwona mtu mkubwa aliyevaa bluu anachezesha midomo. Mmoja nyuma yangu akapiga kelele hadi tukamsikia, "Iombe mvua radhi kwanza!"

Mjomba alimaliza hotuba yote. Hakuruka hata mstari. Kisha hakujua afanye nini, akavua joho, akalikunja mara nne, akaliweka pembeni, akaondoka, akarudi kulinyoosha kona. Hapo ndipo watu walipocheka kwa mara ya kwanza. Nilitamani ardhi ipasuke.

Pambano lilikuwa na Radi. Radi aliruka kutoka kamba ya juu, kamba imelowa, mguu ukateleza, akawa anakuja kichwa mbele. Mjomba alipiga hatua moja akamdaka, akaanguka naye chali kana kwamba ndiye aliyepigwa. Watu wakamshangilia Radi. Nyuma ya pazia Radi alimshika Mjomba mabega yote mawili.

"Kaka, leo ungenikosa ningekula kwa mrija maisha yangu yote."

"Kamba zilikuwa chafu," Mjomba alimjibu. "Nilisema zifutwe."

Jumapili, 24 Machi

Joho limefuliwa, limepigwa pasi, limerudishwa kwa Mama.

Jumamosi, 6 Aprili

Paa la ghala limetoboka sehemu sita. Watu walikuwa wameshakaa, onyesho haliwezi kuanza kwa sababu ulingo unaloa. Bimkubwa akaita wenye mikono mitupu waweke ndoo. Mjomba alikuwa na nguo zake za kawaida, hakupangiwa kupigana, akaenda.

Aliweka ndoo sita. Kila moja aliisogeza mpaka tone likaanguka katikati kabisa. Kisha akazunguka upya akigeuza mikono ya ndoo zote itazame upande mmoja. Watu wakaanza kumtazama, maana hakukuwa na kingine cha kutazama. Mzee mmoja wa safu ya mbele akanyoosha mguu, akaisukuma ndoo ikakaa upande. Mjomba akarudi, akainyoosha, bila hata kumtazama. Mzee akaisukuma tena. Mjomba akarudi, akainyoosha, akatoa leso akapangusa na kiatu cha mzee.

Ghala lililipuka. Walicheka, walizomea, wengine walisimama kuona vizuri. Mvua ilikuwa inapiga vile vile na hakuna aliyehitaji kusikia neno. Mjomba hakugundua kitu. Alidhani Radi kaingia.

Mtunzi alishusha penseli zote mbili. Baadaye alinifuata.

"Nyumbani yukoje?"

Nilimwambia yote. Nilikuwa na orodha humu humu shajarani, mambo kumi na mawili niliyoyatazama tangu Machi, nikamsomea: jinsi anavyopanga viatu mlangoni, anavyopangusa kiti hata akiwa mgeni kwa watu, anavyokata upya mkate uliokatwa upande, anavyogeuza vijiko vyote vitazame kushoto, anavyokunja upya vitu vilivyokunjwa akiwa na huzuni. Mtunzi aliandika mbio. Nilijisikia msomi.

Alhamisi, 11 Aprili

Nimefanya jambo baya, na nitaliandika lote.

Mtunzi alikuja nyumbani saa kumi na moja na mchoro ndani ya bahasha. Mama akatandika kitambaa mezani. Mjomba akaufungua. Alichorwa yeye mwenyewe, amevaa suti ya kijivu na tai, glavu nyeupe, kijitabu mfukoni. Chini imeandikwa MKAGUZI.

"Ni adui," Mtunzi alisema. "Adui mkubwa kuliko wote tuliowahi kuwa nao. Kila mtu ameshakaguliwa, kaka. Shuleni, kazini, njiani. Watakuchukia mpaka wakose usingizi."

Mjomba akageuza karatasi. Nyuma Mtunzi alikuwa ameandika vituko vya kufanya. Anapangusa kiti. Anapanga viatu. Anakunja upya.

Alisoma hadi mwisho, akarudi juu, akasoma tena. Masikio yake yalibadilika rangi.

"Haya ya viatu umeyatoa wapi? Hujawahi kuingia humu ndani."

Mtunzi alitazama meza. Mama akanitazama mimi.

"Ni mimi, Mjomba," nikasema.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikunja karatasi, akairudisha kwenye bahasha, akaisogeza hadi mbele ya Mtunzi.

"Kule mnanicheka, nimezoea, ni kazi," alisema. "Nilidhani nyumbani ni nyumbani."

Akatoka na mvua ile ile, bila mwavuli. Mtunzi alikunywa chai yake haraka akaaga. Bahasha aliiacha.

Ijumaa, 12 Aprili

Hanisemeshi. Anaitikia salamu tu.

Jumatatu, 15 Aprili

Viatu vyake viko mlangoni, kimoja kimelala. Kikombe chake hakijaoshwa. Vijiko vinatazama kila upande. Nilidhani nyumba yenye fujo ingependeza kidogo, kama kwa kina mwenzangu. Haipendezi.

Jumatano, 17 Aprili

Viatu vile vile.

Ijumaa, 19 Aprili

Mama aliniita nimsaidie kukunja mashuka, nikajua siyo mashuka.

Aliniambia kwamba mama yao alipofariki, Mjomba alikuwa na miaka tisa na yeye kumi na saba. Yeye akaanza kazi ya kushona kwa watu, anarudi jioni amechoka, anagombana na kila kitu. Siku moja alikuta viatu vyote vimepangwa mlangoni, vijiko vimelala pamoja, kitanda kimetandikwa hadi kikawa kama bahasha. "Nilimkuta hapo hapo," Mama alisema. "Alikuwa amesimama pembeni ananitazama usoni, aone kama leo sitalia. Basi ikawa hivyo kila siku. Mpaka leo."

Nilibaki nimeshika ncha zangu mbili za shuka. Orodha yangu ilikuwa na mambo kumi na mawili na sikuwa nimeelewa hata moja.

Jumamosi, 20 Aprili

Nilikwenda kwa Mtunzi nikamwomba aifute ile sura. Nilikuwa nimejiandaa kumbembeleza, lakini akasema ni rahisi tu: hajawahi kumpa mtu sura asiyoitaka, na hataanza leo. Ni ya Mjomba, aitupe au aishike.

"Lakini bango, je?"

"Bango ni la Bimkubwa. Zimebaki wiki tatu." Kisha akaniuliza kama najua nani anaombwa kuliko wote na wanamieleka wenzake. Nikasema Radi. "Radi anashangiliwa. Wanaoomba wapangiwe pambano wanamwomba mjomba wako. Mama Mkwe anamwomba, Radi anamwomba, wageni wanamwomba. Miaka kumi na mmoja, hakuna aliyeumia mikononi mwake. Unamtaka awe stelingi, najua. Lakini stelingi anaangaliwa tu. Adui ndiye anayembeba mwenzake."

Nimeliandika hili kama alivyolisema. Bado nalifikiria.

Jumapili, 21 Aprili

Nilimkuta Mjomba sebuleni anatazama ukuta. Nilimwomba msamaha nikiwa nimesimama, kama darasani. Nikamwambia akatae, hata akirudi kwenye unga, mimi nitakuwa namletea maji ya kunawa. Ile orodha nitaichana mbele yake.

"Iko wapi?" akauliza.

Nikampa shajara, nimeifungua pale pale. Alisoma akifuata mistari kwa kidole. Alisoma muda mrefu.

"Hapa umekosea," alisema.

"Wapi?"

"Viatu. Umeandika napanga kwa ukubwa. Sipangi kwa ukubwa. Napanga kwa anayetoka wa kwanza. Mama yako anatoka saa kumi na mbili, vyake viko mbele. Wewe unafuata." Akaendelea. "Na vijiko havitazami kushoto. Vinatazama dirishani, ili uone kama vimekauka. Wewe unaandika vitu vya kuonwa tu, huulizi?"

"Nilikuwa natazama, Mjomba."

"Lete kalamu."

Alikaa na orodha yangu nusu saa nzima. Alisahihisha herufi zangu. Alipigia mstari kichwa cha habari kwa rula. Alipofika jambo la tisa, pale nilipoandika kwamba hupanga vibanio vya nguo kwa rangi, akasimama, kalamu hewani, akanitazama, akaanza kutetemeka mabega. Ilinichukua muda kujua kwamba anacheka.

"Ama kweli," alisema akijifuta macho. "Mtu kama mimi akikuingilia nyumbani, wewe si utahama?"

Alipomaliza, mambo matatu yalikuwa yamekatwa: viatu, kitanda, na kukunja akiwa na huzuni. Pembeni ameandika kwa herufi zake zilizonyooka, "Haya ya nyumbani." Tisa yamebaki, ya Mkaguzi. Akaongeza la kumi ambalo sikuwahi kuliona: anaposubiri, huhesabu misumari ya bati.

Kabla sijalala nilipita mlangoni. Viatu vya Mama mbele, vyangu vikifuata.

Jumanne, 23 Aprili

Mama anashona suti ya kijivu. Kitambaa kinavutika, maana atarushwa nacho. Anaimba.

Jumamosi, 4 Mei

Mazoezi tu, ghala linazibwa paa. Mtunzi anataka Mkaguzi atumie filimbi. Mjomba amekataa: "Filimbi ni ya trafiki." Wamebishana saa nzima. Mtunzi ndiye aliyeshindwa, na alionekana amefurahi kushindwa.

Ijumaa, 10 Mei

"Kesho usinionee huruma," Mjomba aliniambia tukiosha vyombo. "Mtu mmoja akinionea huruma, wa pembeni yake anaambukizwa. Umesikia?"

"Nikuzomee?"

"Unizomee kwa moyo."

Nimesema nitajaribu. Mimi kumzomea mtu mzima sijawahi.

Jumapili, 12 Mei

Jana. Mvua kubwa kuliko zote, ghala limejaa, ngoma hazisikiki.

Pazia likafunguka na hakuna aliyetoka. Kisha ikatoka glavu moja nyeupe, ikapita kwenye ukingo wa pazia, ikageuzwa, ikatazamwa. Halafu ndipo akatoka mwenyewe, anatikisa kichwa taratibu. Hakutanua kifua. Alitembea vile anavyotembea akitoka jikoni kwetu. Alipangusa ngazi kabla ya kuikanyaga. Alipitisha kidole kwenye kamba, akakiinua kikiwa cheusi, akawaonyesha watu wa pande zote nne kana kwamba wao ndio waliokichafua. Hapo wakaanza. Alimfunga mwamuzi kifungo cha shingo. Akashuka, akaenda alipoketi Bimkubwa, akainama, akapitisha kidole chini ya kiti chake, akaandika kitu kwenye kijitabu.

Bimkubwa akasimama wima. "Ala! Kiti changu? Kiti changu mimi?" Sikumsikia, lakini midomo yake niliisoma vizuri. Mama Mkwe ilibidi amshike mkono.

Radi alipoingia mbio kama kawaida, Mkaguzi akamzuia kwa kiganja, akamwonyesha pazia. Rudi, uingie kwa adabu. Radi akarudi! Akaingia akitembea! Akarudishwa tena, kisa kamba ya kiatu. Nilidhani paa litang'oka kwa kelele, na siyo za mvua.

Walipigana dakika kumi na mbili. Kila Radi aliporuka, kulikuwa na mikono chini yake, na sasa najua kuitazama. Mwishoni Radi alimlegezea tai na kuivuta upande, Mkaguzi akaacha kila kitu ili ainyooshe, na hapo akabebwa, akatupwa chini, akahesabiwa. Watu mia tatu walikuwa wima. Hata yule mzee wa ndoo alisimama juu ya benchi.

Bimkubwa alikuja nyuma ya pazia bado amekasirika. Alimwambia mchora mabango, aliyekuwa anasubiri majina, "Mwandike. Na kiti changu kikapigwe msasa."

Lakini nimeruka kitu. Akitoka ulingoni, ameshindwa, tai begani, alipita kwenye safu yetu. Hilo halikupangwa, nilimuuliza Mtunzi. Alisimama mbele yangu, akanyoosha glavu, akasubiri. Nikampa mkono. Akageuza vidole vyangu, vilikuwa na wino wa kalamu kama kawaida yangu, akaviinua juu ghala zima livione, akaandika jina langu kwenye kijitabu chake.

Nilitakiwa niseme samahani. Ndivyo nilivyolelewa. Badala yake nilipanda juu ya benchi mbele ya watu wote, na Mama yupo, nikamzomea. Nilimwambia atoke. Nilimwambia akakague kwake. Nilipiga kelele kama wengine, kuliko wengine, na yeye akanigeuzia mgongo akaondoka kwa hatua zake zilizonyooka, bila haraka, akasimama mara moja tu kunyoosha benchi.

Leo sauti yangu imekauka kabisa. Mjomba ananiwekea maji ya moto, na tunaongea kwa ishara.